Mjane wa Stesheni ya Isaka

Rwezamenyo, Kigali
12 Januari 2025

Wifi yangu Ariane,

Mwaka umefunguka na sisi bado tupo, tumshukuru Mungu na tuendelee kulalamika. Hapa hatujambo. Magoti yangu siku hizi yanatabiri mvua kabla ya redio. Shuleni Gatsata nimepewa tena wale watoto wa mwaka wa pili, na Kiswahili chao ni kile kile, kila kitu iko. Mmoja ameandika kwenye insha, "Mwalimu wetu iko na roho muzuri ila iko mukali." Nilishika kalamu nyekundu nikashindwa kusahihisha sifa zangu mwenyewe.

Pretty hajambo? Mwambie shangazi yake anasema asinitumie tena picha zenye masikio ya paka. Nataka uso wa mwanangu kama alivyozaliwa nao, maana ni uso wa baba yake.

Sasa tuingie kwenye mambo ya maana. Nasoma Mwavuli wa Inspekta, nimeufikisha katikati. Kuna karani wa shamba la chai ameuawa, na Inspekta anazunguka na mwavuli wake, jua liwe, mvua iwe, anawahoji watu wasiojua hata marehemu alikuwa anakula nini. Mimi nimeshamkamata muuaji, ni yule msimamizi wa maghala, ana adabu kupita kiasi. Hadithi hainifichi kitu, unanijua. Kosa la mwandishi ni moja tu, amemuua mpishi sura ya tatu, na yule mpishi ndiye mtu pekee aliyekuwa na maneno ya kuchekesha. Nikimaliza nitakutumia, ila usinikunjie kurasa.

Nikisoma riwaya bado nasikia pumzi ya Mugenzi shingoni. Kule Karagwe, padri wa misheni alikuwa akituazima kitabu kimoja kwa wiki, sisi wawili, na hakuna aliyekubali kusubiri. Basi tunakaa malishoni, kitabu kwenye mapaja yangu, yeye nyuma yangu. Alikuwa mdogo wangu lakini alisoma haraka kuliko mimi. Akimaliza ukurasa hasemi neno, anapumua tu shingoni mwangu kama ndama, mpaka nigeuze. Siku moja tuligeuza kurasa mpaka ng'ombe wa baba wakamaliza maharage ya jirani. Tulichapwa wote wawili, na usiku ule kitu tulichokililia si fimbo. Baba alikuwa amekirudisha kitabu misheni kabla hatujajua nani alimrithi yule chifu wa hadithini.

Kuhusu lile uliloniuliza mwishoni mwa mwaka. Najua kwenu Burundi kuna kuganduka, familia ya marehemu inakutana, inasema ya kusema, inaanua matanga, na mjane anarudi kwenye maisha yake. Najua pia kwamba wa kuita watu ni upande wa marehemu, na upande wenyewe, wa karibu, umebaki mimi. Mwaka alipopaswa kufanyiwa ilikuwa korona, hilo si kosa la mtu. Miaka iliyofuata unaijua. Na mwaka huu Pretty ana mtihani wa kidato cha pili. Tusiharakishe, wifi. Marehemu haendi popote.

Niandikie unasoma nini. Usinipigie simu kwa mambo ya vitabu. Mtandao unakatika mtu akiwa anakaribia kuuawa.

Wifi yako,
Kaliza

*

Kahama
16 Februari 2025

Wifi mpendwa,

Barua yako ilifika na basi la Kigali ikiwa inanuka ndizi, nikajua kondakta aliiweka kwenye mkungu wa mtu. Nimeisoma mara mbili. Pole na magoti. Paka mafuta, usiyaulize hali ya hewa.

Sisi wazima. Pretty amenipita urefu, sasa ananiangalia kwa juu nikimgombeza, na mimi hasira yote inaisha. Mchele mwaka huu ni mzuri lakini mashine ya kukoboa ilituharibikia wiki nzima, gunia zikakaa, wateja wa Kigali wakapiga simu mpaka nikaizima. Sasa imepona.

Umenikumbusha Mugenzi na pumzi zake. Mimi nilimjua kwa sauti. Lori lake likikwama Rusumo kwenye foleni ya forodha, alikuwa anapanda juu ya ngazi ya kichwa cha lori na kuwasomea madereva wenzake riwaya. Wasukuma, Wanyarwanda, Warundi, mpaka yule Msomali asiyejua Kiswahili, wote kimya. Mimi nilikuwa nauza chai pale. Chai ilipoa kwenye birika, mapenzi yakaanza. Hiyo umeshaisikia, lakini leo nimetaka kuisema tena.

Nasoma Wageni wa Isaka. Ni habari za stesheni ya reli, hapa hapa karibu yetu, wezi wa shehena na mambo mengi. Lakini kuna mjane mmoja humo ndani, Tausi, ndiye aliyenishika. Anauza dagaa pale stesheni. Mume wake amekufa miaka imepita. Na kuna fundi wa taa za reli, mtu wa makamo, mpole, naye alifiwa na mkewe. Kila jioni akipita anamuuliza Tausi swali lile lile, "Umekula?" Basi. Hana mashairi, hana zawadi. Tausi mwanzoni anajibu "nimekula" hata kama hajala. Siku moja akasema ukweli, "Sijala." Fundi akakaa wakala pamoja, wakazungumza habari za mvua.

Sasa fundi amemwambia anataka kumuoa. Na Tausi anataka, wifi. Mwandishi amesema wazi kwamba anataka. Lakini marehemu ana dada, mwanamke mwenye heshima zake, ambaye Tausi anampenda kama mama na kama shoga, na dada huyo hajaanua matanga ya ndugu yake. Tausi hawezi kuruka matanga yale. Anaweza kwenda ofisini na mashahidi wawili akaolewa, sheria haimkatazi, ila moyo unamkataza. Na kumwambia wifi yake anaogopa.

Wewe ni mwalimu. Ungekuwa ndiye mwandishi, ungemfanyaje Tausi? Nijibu kwa utulivu. Nimesimama kwenye ukurasa huo, siendelei mbele mpaka nisikie lako.

Akupendaye,
Ariane

*

Rwezamenyo
9 Machi 2025

Wifi Ariane,

Hatujambo, namshukuru Mungu. Jana nilimfumania jirani yangu Sangwa akisoma Mwavuli wa Inspekta dirishani kwangu, nilikuwa nimeuacha nje kwenye kiti. Nimemwambia akiendelea nitamsimulia mwisho, na mwisho wenyewe sijaufikia.

Umeniuliza ningemfanyaje huyo Tausi wako. Ningemfuta! Mwandishi huyo hajui kazi. Anaanza na wezi wa shehena, jambo zuri lenye kasi, halafu anatuletea mjane na dagaa zake. Na huyo fundi wa taa simwamini hata kidogo. Mwanaume anayemuuliza mwanamke kila jioni kama amekula, mwenye njaa ni yeye. Nakwambia yumo kwenye wizi wa shehena. Subiri sura za mwisho, utaniambia.

Wifi yake ndiye mtu mwenye akili katika hadithi hiyo. Watu wanamwona mkali kwa sababu mwandishi amekaa upande wa Tausi. Hebu tumsikilize na yeye. Alikuwa na ndugu mmoja. Ndugu amekufa. Amebaki nani wa kulikumbuka jina lake? Mjane. Sasa mjane naye akienda kwa fundi wa taa, yule marehemu atakuwa wapi? Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Huyo dada amekataa lake lisiwepo, na mimi namuunga mkono. Kama Tausi ni mpweke asome vitabu. Sisi hatusomi?

Nilicheka hiyo ya chai kupoa. Mimi nilivyoisikia kutoka kwake, birika lilianguka kabisa. Alikuja Karagwe wiki ile ile, amevaa shati lenye doa, akaniambia, "Dada, nimepata mtu anayesikiliza mpaka mwisho." Nilidhani anazungumzia dereva mwenzake.

Nitumie hicho kitabu nikisome mwenyewe. Naona unakisoma kwa huruma sana, utapitwa na mambo.

Mbusu Pretty. Asome, Novemba si mbali.

Kaliza

*

Kahama
4 Mei 2025

Wifi,

Nimechelewa, nisamehe. Aprili ni mwezi wenu mzito wa kumbukumbu huko, sikutaka kukuletea porojo za riwaya watu wakiwa makaburini. Natumaini ulikuwa na mtu wa kukaa naye. Pretty aliniuliza kama shangazi yuko peke yake, nikamwambia shangazi ana majirani. Sikujua kama ni kweli.

Sisi tumeugua malaria kwa zamu, sasa tumepona. Mpunga umeanza kuingia. Nimenunua na kuuza, ndiyo maisha.

Kitabu siwezi kukutumia, kuna mtu amekiazima na bado hajakirudisha. Lakini nimesoma mbele nikusimulie. Tausi alifuata ushauri kama wako, utafikiri mmesoma shule moja. Alimwambia fundi hapana. Fundi hakununa. Alisema, "Nimesikia," akaendelea na taa zake, na jioni akipita bado anauliza, "Umekula?" Wifi, hapo ndipo nilipolia. Angenuna ingekuwa rahisi.

Na hayumo kwenye wizi. Naomba umtoe huko. Sijawahi kuona mtu mwaminifu kama yule, yaani katika kitabu.

Umesema akiwa mpweke asome vitabu. Tausi anasoma, wifi. Kila usiku anasoma mpaka macho yanauma. Lakini kitabu hakikuulizi kama umekula. Kitabu hakisikii ukikohoa. Ukikiangusha ukalala, asubuhi kiko pale pale sakafuni. Mimi napenda riwaya, wewe na Mugenzi ndio mlionifundisha, kwetu Buyenzi tulikuwa na katekisimu na redio tu. Lakini usiseme zinatosha. Hazitoshi.

Na umeuliza marehemu atakuwa wapi. Atakuwa pale alipo, moyoni mwa Tausi. Tausi hajasahau kitu. Anakumbuka mpaka namna alivyokuwa anapuliza uji. Kwa nini watu wanadhani moyo wa mwanamke ni chumba cha kupanga, mmoja akiingia mwingine ametolewa vyombo nje?

Samahani, nimepandisha sauti kwa ajili ya mtu wa kitabuni.

Lakini niambie jambo moja. Ungekuwa ndiye yule dada, na Tausi akaja akapiga magoti mbele yako, ungemwambiaje? Usinijibu kama mwalimu. Nijibu kama dada.

Ariane

*

Rwezamenyo
8 Juni 2025

Ariane,

Wageni wa Isaka nimekipata kwa Aimable, yule anayeuza vitabu vya mitumba Nyamirambo. Nimekisoma chote mpaka anuani ya mpiga chapa. Stesheni imo. Wezi wa shehena wamo. Nilidhani nakala yangu imenyofolewa kurasa, nikairudisha kwa Aimable, akanipa nyingine, nikaisoma na hiyo.

Tausi hayumo. Fundi wa taa hayumo. Hakuna dada wa mtu.

Kaliza

*

Kahama
29 Juni 2025

Wifi yangu,

Umeniandikia bila salamu. Tangu niolewe kwenu hujawahi, hata mwaka ule tuliogombana kwa ajili ya jina la Pretty uliniuliza hali kwanza. Basi nakusalimu mimi. Hujambo? Magoti je? Unalala?

Tausi ni mimi. Umeshajua, lakini acha niandike kwa mkono wangu.

Kitabu nilikuwa nakisoma kweli, hilo sikudanganya. Nilikuwa nimekaa nikuandikie, nikaanza kukusimulia stesheni, mara kalamu ikamweka yule mjane pale. Nikaona maneno yanatoka. Miezi yote ile nimejaribu kukwambia kwenye simu, nikifika kwenye jina la Mugenzi na jina la mwanaume mwingine katika sentensi moja, ulimi unakufa. Lakini kwa habari ya Tausi nikaweza. Nikasema nitamtuma yeye atangulie, akipokelewa nitamfuata. Hakupokelewa. Ulimfuta.

Jina lake ni Cassien. Ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Ni Mrundi, alikulia kambini Kibondo, mkewe alifariki, hana mtoto. Hasomi riwaya hata moja, anasema zinamsinzisha, huo ndio ubaya wake ninaoujua. Alikuja kutengeneza mashine mwaka juzi, mimi nimekaa juu ya gunia nasubiri tangu asubuhi, akaniuliza kama nimekula. Nilikaa siku mbili nafikiria kwamba hakuna mtu mzima aliyeniuliza vile tangu tumzike Mugenzi. Pretty anamwita Mzee Cassien na anamfundisha simu. Alipoulizwa na wenzake kama ndiye baba, alisema, "Baba yangu ni Mugenzi. Huyu ni rafiki wa mama." Cassien alikuwa anasikia, akasema, "Sawa kabisa."

Nilimkatalia kweli, mwezi wa tatu, baada ya barua yako. Nilimwambia siwezi kuruka matanga.

Watu hapa wananicheka. Wanasema, dada huyo yuko Kigali, wewe uko Kahama, ofisi ya mkuu wa wilaya iko hapo, mnangoja nini? Hawajui. Nilipofika kwenu sikuwa na baba wala mama. Nilifika na begi moja. Wewe ndiye uliyenivua kanga ya safari ukanivalisha yako. Siku Mugenzi alipofariki hospitalini, na korona imefunga milango, tuliruhusiwa watu wachache tu kaburini, ni wewe uliyenishika mkono wa kushoto. Nilikuwa na mtu mmoja wa kushika na ulikuwa wewe. Nikiolewa bila wewe kuanua, nitakuwa nimeolewa nikiwa mwizi.

Na kuna jambo naliogopa kuliko hasira yako. Mimi nimekuwa wifi yako kwa sababu ya Mugenzi. Nikiwa mke wa mtu mwingine, utaniita nani? Sijui kama kuna jina. Usiku nalitafuta silipati. Kama halipo, niambie, nitakaa kama nilivyo. Nasema kweli. Kati ya Cassien na wewe, sitakuchagulia uchungu. Lakini nitakuwa na uchungu mimi, na nimechoka kuuficha ndani ya vitabu vya watu.

Nakupenda.
Ariane

*

Rwezamenyo
24 Agosti 2025

Ariane,

Hujambo? Pretty hajambo? Mchele je? Mimi sijambo, magoti yananiuma, shule zimefungwa, na usingizi ni wa mang'amung'amu. Haya, nimekusalimu mara zote unazonidai.

Barua yako ilifika mwanzoni mwa Julai. Niliisoma nikaiweka. Nikapaka rangi mlango ambao haukuhitaji rangi. Nikamaliza Mwavuli wa Inspekta, na muuaji si msimamizi wa maghala. Ni mjane wa karani, na mimi sikumshuku hata mara moja, alikuwa akilia mbele ya macho yangu kuanzia sura ya kwanza. Nikakitupa kitabu ukutani. Sangwa akaja mbio kuuliza kama nimeanguka, nikamwambia ndiyo.

Nilikukasirikia sana. Nataka ujue. Nilikasirika kwamba ulinitungia uongo, halafu uongo wenyewe mzuri, halafu mimi na vyeti vyangu nikakaa nikamchambua fundi wa taa kama mpumbavu. Mficha uchi hazai, nikasema, huyu mtoto kwa nini asingeniambia waziwazi? Nikatembea na hasira hiyo mpaka sokoni na kurudi. Halafu nikajiuliza, angeniambia waziwazi ningemjibuje? Ningemjibu kwamba Pretty ana mtihani.

Sijui kama nilijua. Nimejihoji kuliko Inspekta. Nadhani nilijua tangu pale uliposema moyo unamkataza. Hakuna mwandishi wa wezi wa shehena anayesema hivyo. Nilijua, nikajifanya nasoma riwaya.

Kuna jambo sijakwambia. Kule Karagwe kuna msimu nilikuwa nampikia mama mgonjwa, siwezi kwenda malishoni. Mugenzi alikuwa akisoma kule, jioni anakaa jikoni ananisimulia. Alikuwa ananisimulia habari za msichana mmoja aliyevuka ziwa kwenda kusoma, akawa daktari. Nilimpenda yule msichana mpaka nikamwota. Miaka mingi baadaye, tayari ni mwalimu, nikakipata kile kitabu. Msichana hakuwamo. Hakuna ziwa, hakuna daktari. Mdogo wangu aliniona niko jikoni nimeacha shule, akanitungia mtu wa kunitoa. Sikuwahi kumwambia kwamba nimegundua. Nilirudi shule kwa ajili ya yule msichana, Ariane.

Basi siku moja mwezi huu nimekaa na barua yako nikasema, yeye na Mugenzi wamelala kitanda kimoja, wakaambukizana kutunga. Nikacheka peke yangu. Halafu nikalia, kilio kile cha sauti, ambacho mwaka ule tulikatazwa kwa sababu watu walikuwa hawaruhusiwi kukaa pamoja wakalia. Nilikuwa na kilio changu cha tangu wakati ule, bado kizima. Majirani walikuja. Kwa hiyo unaweza kumwambia Pretty kwamba ni kweli, shangazi ana majirani.

Nitakwambia kwa nini sikuanua. Si korona, si mitihani. Tulizaliwa wawili. Baba hayupo, mama hayupo. Nilijiambia kwamba maadamu matanga hayajaanuliwa, Mugenzi hajamaliza kufa. Siku tutakapokaa, tukasema, tukanywa, watu wakaenda zao, mimi nitafunga mlango na sitakuwa tena dada wa mtu. Hilo ndilo nililokuwa nakufungia shingoni wewe. Miaka yote hii umekuwa ukiubeba woga wangu, nami nauita heshima ya ukoo. Nisamehe.

Jumamosi ya tarehe 13 Desemba, Pretty akiwa amemaliza mtihani wake, tutamfanyia Mugenzi kuganduka, hapa nyumbani Rwezamenyo. Nimeshawaambia wazee wa ukoo wa baba walioko Busanza, wamesema ilikuwa imechelewa, nikawaambia wanyamaze. Utakuja na Pretty siku tatu kabla, tupike. Yeyote mwenye habari ya Mugenzi ataisema, nitawaita na wale madereva wa Rusumo nitakaowapata. Tutasema mpaka tuishe. Halafu nitasimama niseme kwamba tumemaliza, na kila mtu aliyekuwa akimlilia arudi nyumbani kwake akiwa mzima. Cassien asije siku hiyo. Siku hiyo ni ya Mugenzi.

Yeye atakuja Januari. Na hapa sikiliza vizuri, usije ukaanza kulia ukaacha kusoma. Hatakuoa ofisini kwa mkuu wa wilaya kama mtu aliyeokotwa. Atakuja kukuomba, kwa desturi, na wazee wake, na vinywaji vyao. Atakuja kukuomba kwangu.

Na sitawarahisishia. Najua upande wa msichana huwa na msemaji mwanaume, lakini msemaji nitakuwa mimi, anayetaka kununa anune. Nitawaambia wamepotea njia, hapa hakuna Ariane. Nitawatolea Sangwa, bibi wa miaka sabini, niwaulize kama ndiye. Nitamuuliza huyo fundi anajua nini zaidi ya mikanda ya mashine. Nitamuuliza kama yeye amekula. Watabembeleza, watatoka jasho, na mimi nitakunywa soda yangu polepole.

Halafu mzee wao atachoka. Atasema, "Mama, tuambie basi, huyu tunayemwomba ni nani wako?" Lazima aulize, ndiyo desturi. Nami nitasimama, na magoti haya, niwajibu mbele ya watu wote: ni mdogo wangu.

Dada yako,
Kaliza